Dakika tano za kila mtoto

Chukua darasa la pili lenye watoto 45. Mwalimu akitaka kumsikiliza kila mmoja akisoma kwa sauti, dakika tano tu kwa wiki, anahitaji dakika 225. Kipindi kikiwa cha dakika 40, hivyo ni karibu vipindi sita vya kumsikiliza mtoto mmojammoja huku wengine 44 wakisubiri. Hakuna ratiba inayoibeba hesabu hiyo. Kwa hiyo darasa husoma kwa pamoja, kwa kuitikia, na mtoto asiyejua kusoma hujifunza kuchezesha midomo nusu sekunde nyuma ya wenzake. Anaweza kufika darasa la nne bila kugundulika, tena akiwa na daftari safi, maana kunakili ubaoni anakujua vizuri.

Sasa lete wazazi wanne, kila mmoja akija saa moja kwa wiki. Jumla ni dakika 240. Kwenye karatasi watoto wote wamesikilizwa na dakika 15 zimebaki. Kwa vitendo hazitoshi, kwa sababu kila mtoto humaliza dakika nzima akiinuka, akitafuta kitabu, akipenya kati ya madawati na kufungua ukurasa. Hapo zinakwenda dakika 45, na hesabu inapanda hadi 270. Dawa yake ni kiti cha pili. Mtoto anayefuata anakaa hatua chache kando, kitabu mkononi na ukurasa umeshafunguliwa, kabla aliyetangulia hajamaliza. Kiti hicho kimoja ndicho kinachofanya saa moja ya mzazi itoshe watoto 11 au 12.

Wazazi wa kujitolea wakitajwa, wengi huwaza michango, kupaka rangi ukuta na kupanga viti siku ya michezo. Kazi hizo zina nafasi yake. Ila kitu ambacho shule ya msingi inakikosa kuliko vyote ni mtu mzima mwenye muda wa kumtazama mtoto mmoja bila kuitwa na wengine 44. Mzazi anao muda huo, hata kama ni saa moja tu kwa wiki. Shida ni kwamba saa hiyo hupotea kirahisi sana isipopangwa, na shule nyingi zinazosema "wazazi wetu hawajitumi" hazijawahi kumpa mzazi kazi inayoeleweka.

Namna ya kumsikiliza mtoto akisoma

Kaeni ubavu kwa ubavu, nyote mkiona ukurasa, si kutazamana kama kwenye usaili. Mtoto alipe darasa mgongo ili wenzake wasimvute macho. Mahali pawe panapoonekana na mwalimu: kona ya darasa, barazani mbele ya dirisha, au maktaba yenye mlango wazi.

Kabla ya kusoma, pima kitabu. Kwa kitabu chenye maandishi mengi, mtoto asome ukurasa mmoja akikunja kidole kwa kila neno linalomshinda. Vidole vitano vikiisha kabla ukurasa haujaisha, kitabu hicho kiache kwanza. Kwa vitabu vya wanaoanza, vyenye maneno 20 hivi kwa ukurasa, kipimo cha vidole hakifai, kwa sababu hata maneno mawili yakimshinda tayari ni moja ya kumi. Hapo ndipo mpaka ulipo: akikosea zaidi ya neno moja katika kila maneno kumi, hasomi tena, anabahatisha. Akikosea chini ya neno moja katika 20, kitabu kinamfaa kusoma peke yake nyumbani. Kati ya hapo ndipo anapomhitaji mtu wa kukaa naye.

Kosa kubwa la mtu mzima ni haraka. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyechunguza madarasa na kuchapisha matokeo yake miaka ya 1970, aliona kwamba walimu wakiuliza swali husubiri kama sekunde moja tu, kisha hujijibu au kumhamia mtoto mwingine. Walipofundishwa kusubiri sekunde tatu, majibu ya watoto yalirefuka na waliokuwa kimya wakaanza kusema. Mzazi wa kujitolea ana haraka zaidi ya mwalimu, kwa sababu anamwonea mtoto huruma. Neno likimkwama mtoto, mzazi analitaja hapohapo. Baada ya wiki tatu mtoto ameshajua mchezo: akinyamaza, neno linakuja lenyewe.

Njia iliyo rahisi kumfundisha mzazi ilitengenezwa New Zealand mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa ajili ya wazazi na watoto waliokuwa nyuma katika kusoma. Ina hatua tatu: subiri, dokeza, sifu. Kusubiri ni sekunde tano kamili; hesabu kimoyomoyo. Mara nyingi mtoto hujisahihisha mwenyewe ndani ya muda huo. Asipofanya hivyo, dokeza, na dokezo litegemee aina ya kosa. Akiwa amenyamaza kabisa, mwambie asome hadi mwisho wa sentensi au arudi mwanzo wake, kisha ajaribu tena lile neno. Akiwa ametaja neno lisiloleta maana, muulize kuhusu maana: "Mbuzi anaweza kupanda kitabu?" Akiwa ametaja neno lenye maana lakini silo lililoandikwa, kwa mfano amesoma "nyumba" palipoandikwa "nyumbani", mwelekeze kwenye herufi: "Tazama mwisho wa neno." Madokezo yasizidi mawili. Yakishindikana, mtajie neno na msonge mbele, kwa sababu kung'ang'ania neno moja kwa dakika mbili kunaua hadithi nzima.

Kusifu nako kuna namna. "Vizuri sana" kila baada ya mstari haina kazi. Sifa inayofundisha hutaja alichofanya: "Umerudi nyuma ukajisahihisha mwenyewe." Ukisema hivyo, atarudi nyuma tena.

Kwa Kiswahili kuna mitego yake. Herufi zetu husomeka kama zinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto anaweza kusoma ukurasa mzima kwa silabi bila kuelewa chochote. Mpe neno kama "hawatatusaidia" uone: ha-wa-ta-tu-sa-i-di-a, silabi nane, na akifika ya nane ya kwanza ameshaisahau. Mwache amalize silabi zake, kisha mwambie: "Sasa liseme lote kwa pamoja." Hatua hiyo ya pili ndiyo inayorukwa na wazazi wengi, kwa kuwa wameshasikia silabi zote ziko sahihi. Angalia pia "ng" na "ng'": anayesoma "ngoma" sawasawa anaweza kukwama kwenye "ng'oa". Na makundi kama "mbw", "ndw" na "nyw" yanahitaji kurudiwa peke yake, mara mbili tatu, kabla ya kurudi kwenye sentensi.

Mwisho wa dakika tano uliza swali moja ambalo jibu lake halipo wazi kwenye mstari. Si "Juma alikwenda wapi?" bali "Kwa nini Juma hakumwambia dada yake?" Mtoto akishindwa kabisa kulijibu, umeshajua kwamba anatamka tu.

Kisha kadi. Kila mtoto awe na kadi moja ngumu, ukubwa wa nusu ya karatasi ya A4, yenye safu nne: tarehe, kitabu, ukurasa alioishia, na jambo moja lililoonekana. Katika safu ya mwisho neno "vizuri" lipigwe marufuku. Andika kitu ambacho mwalimu anaweza kukifanyia kazi: "Anaruka mistari, ametumia rula akatulia." "Anakisia mwisho wa maneno marefu." "Anasogeza kitabu karibu sana na macho." Hiyo ya mwisho inaweza kumpeleka mtoto kwa daktari wa macho, na hakuna mtihani wa muhula ambao ungeionyesha.

Mwalimu apitie kadi hizo mara moja kwa wiki. Dakika kumi zinatosha, kwani anatafuta tu zile zenye jambo jipya. Asipozipitia, wazazi watajua. Wataanza kuandika "vizuri", na baada ya hapo watapunguza kuja. Mtu anayejitolea huvumilia mengi, ila si kuona kazi yake imerundikwa juu ya kabati.

Mambo mengine yanayoharibika ni ya kawaida. Wazazi huvutiwa na wasomaji hodari, kwa sababu kuwasikiliza kunapendeza. Kwa hiyo orodha ipangwe na mwalimu, waanze wanaosoma kwa shida, na wale watatu au wanne wa mwisho wapate zamu mbili kwa wiki kabla ya mtu yeyote kupata zamu ya ziada. Mzazi asiwekwe kwenye darasa la mtoto wake katika muhula wa kwanza, hasa madarasa ya chini: mtoto atamng'ang'ania au ataanza vituko, na mzazi atakuwa anasikiliza mwingine huku macho yako kwa wake. Mpeleke darasa la jirani. Na kuja mara moja kwa wiki bila kukosa ni bora kuliko kuahidi mara tatu ukaja mara moja, maana mtoto aliyeambiwa "leo ni zamu yako" huwa ameshakaa kwenye kiti cha pili tangu asubuhi.

Kabla mzazi hajaingia darasani

Hapa hakuna mjadala wala aibu ya kumkagua mtu mnayefahamiana. Nakala ya kitambulisho, majina ya watu wawili wanaomfahamu ambao si ndugu zake, na pale ambapo sheria inadai uchunguzi wa rekodi, ufanyike kwanza. Australia, kwa mfano, ina kibali maalumu cha watu wanaofanya kazi na watoto, na Uingereza ina mfumo wake wa kuchunguza rekodi za uhalifu. Shule ambayo nchi yake haina utaratibu huo bado inaweza kuweka kanuni zake na kuzisimamia.

Kanuni zenyewe ziwe fupi, ziingie ukurasa mmoja, zisainiwe. Mtu mzima hakai na mtoto mmoja nyuma ya mlango uliofungwa. Haingii choo cha watoto. Hapigi picha, hata nzuri, hata ya mtoto wake akiwa na wenzake. Hamwadhibu mtoto na hamkemei kwa niaba ya mwalimu, anamwita mwalimu. Anasaini daftari la mlangoni akiingia na akitoka, ili siku moto ukitokea ijulikane nani yumo ndani.

Mtoto akimweleza jambo zito, la kupigwa nyumbani au la kuguswa vibaya, mzazi asikilize kwa utulivu, asiahidi kulifanya siri, na asimhoji. Maswali mengi huharibu ushahidi na humtisha mtoto. Aandike maneno ya mtoto kama yalivyosemwa, na siku hiyohiyo amkabidhi mwalimu aliyeteuliwa kwa mambo hayo. Kila anayejitolea awe anamjua mwalimu huyo kwa jina kabla ya siku yake ya kwanza.

Halafu kuna ulimi. Mzazi anayesikiliza watoto wa wenzake anajua nani bado yuko kwenye silabi. Akilitaja hilo getini mara moja tu, tena kwa nia njema, mama wa mtoto yule atakuwa amelisikia kabla ya jioni, na walimu watafunga milango yao kwa wazazi wote. Nimeweka jambo hili katika kanuni za usalama makusudi, kwa sababu programu nyingi hufa kwa umbea kuliko kwa kitu kingine chochote.

Kuwapata

Tangazo la "wazazi wote mnakaribishwa kusaidia" halimwiti mtu. Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, alipima watu wakivuta kamba na kuchapisha matokeo mwaka 1913: kadiri wavutaji walivyoongezeka ndivyo kila mmoja alivyovuta kwa nguvu pungufu. Tangazo la kwenda kwa wazazi 400 ni kamba ya namna hiyo. Kila mmoja anaona wapo wengine 399.

Ombi linalojibiwa lina kazi moja, siku, saa na mwisho. Kitu kama hiki: "Tunahitaji watu wanne wa kuwasikiliza watoto wa darasa la pili wakisoma. Wawili Jumanne, wawili Alhamisi, saa mbili hadi saa tatu asubuhi, kwa wiki nane. Kuna mafunzo ya dakika 40. Anayetosha ni yeyote anayeweza kusoma hadithi fupi." Neno "wiki nane" ndilo linalowaleta watu. Mtu anayejua lini kazi inaisha haogopi kuianza, na wengi wakifika wiki ya nane huomba kuendelea. Tangaza ukitaka, lakini mwendee mtu ana kwa ana na umwambie kwa nini umemfikiria yeye.

Akina baba huitwa shuleni pakiwa na kitu cha kubeba au cha kupigilia. Waite wasikilize kusoma. Mvulana wa darasa la pili ambaye hajawahi kumwona mwanaume mzima ameshika kitabu cha hadithi ana haki ya kudhani kwamba vitabu ni vya dada zake.

Mafunzo ya dakika 40 yanaweza kugawanywa hivi: kumi za kanuni, kumi za kuonyesha (mwalimu mmoja acheze mtoto anayekwama, mwingine amsikilize), kumi na tano za wazazi kufanya mazoezi wawiliwawili, tano za kujaza kadi. Ile robo saa ya mazoezi isikatwe hata muda ukibana. Kusubiri sekunde tano ukiambiwa ni jambo dogo. Ukilijaribu unaona lilivyo refu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mzazi wa kujitolea ningesema siku ya kwanza akae tu na kutazama, apewe kiti, aonyeshwe choo cha watu wazima na mahali pa kunywa maji. Waliowahi kufika, wakasimama barazani nusu saa bila kujua waende wapi, na wakarudi nyumbani bila kusema neno, hawaonekani tena.

Awepo mratibu mmoja, na asiwe mwalimu. Kazi yake ni kama saa mbili kwa wiki: kutuma ukumbusho jioni kabla ya zamu, kutafuta wa akiba anapokosekana mtu, kupokea malalamiko ya pande zote. Wakizidi wanaojitolea 12 hivi, mgawie msaidizi. Manahodha wengi chombo huenda mrama, ila nahodha mmoja akiugua wiki mbili pasiwe na mwenye orodha ya simu, chombo hakitoki kabisa.

Faini ni wazo linalorudi kila mwaka kwenye kikao: mzazi asiyefika siku ya kazi alipe. Mnamo mwaka 2000 wachumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha jaribio lililofanywa kwenye vituo kumi vya kulelea watoto mjini Haifa, Israel. Wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto, basi vituo sita vikaweka faini ndogo. Uchelewaji ukaongezeka hadi karibu mara mbili, na faini ilipoondolewa haukurudi ulipokuwa. Kabla ya faini, kuchelewa kulikuwa kumkosea mwalimu. Baada ya faini kukawa huduma yenye bei. Shule inayotoza wasiofika itapata pesa kidogo kutoka kwa wenye nafasi, kinyongo kutoka kwa wasio nayo, na kazi itabaki palepale.

Walimu wana hoja

Mwalimu anayesita si lazima awe mvivu au mwenye la kuficha. Anajua kwamba mtu aliyekaa kwenye kona ataona siku mbaya na kuipeleka nje kama ndiyo desturi. Anzeni na mwalimu anayetaka mwenyewe, hata kama ni mmoja kati ya 14. Mwalimu ndiye achague siku, saa na kazi. Wengine wakiona kadi za mwenzao, baadhi wataomba.

Mipaka iandikwe kwa faida ya mwalimu pia. Mzazi hasahihishi mitihani. Haoni alama. Na hapewi darasa zima siku mwalimu hayupo. Jambo hili la mwisho huanza kwa dharura, "kaa nao kidogo tu", kisha linakuwa mazoea, na ofisi iliyotakiwa kuleta mwalimu haisikii tena kilio chochote kwa sababu pengo halionekani. Kujitolea kunakoziba nafasi ya ajira ni hasara kwa shule.

Wasioweza kuja asubuhi

Wazazi wengi wako kazini saa mbili asubuhi, na wengine hawajui kusoma. Hao wasihesabiwe kuwa hawapo. Katika mtaa wa Haringey, London, katikati ya miaka ya 1970 utafiti ulifuata watoto wa shule za msingi waliopewa vitabu wavisome nyumbani mbele ya wazazi wao mara kwa mara. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1982 na Tizard, Schofield na Hewison yalionyesha kwamba watoto hao walisonga mbele wazi kuliko wenzao, huku watoto wa shule nyingine waliopewa mwalimu wa ziada hawakupata faida ya namna hiyo. Baadhi ya wazazi hao hawakuweza kusoma Kiingereza. Mzazi wa aina hiyo anaweza kukaa, kufuata kidole cha mtoto kikienda kwenye mstari, na mwisho kusema: "Hebu nihadithie sasa bila kitabu." Mtoto asiyeelewa alichosoma hawezi kuhadithia, na hilo hata asiyejua herufi analisikia.

Kazi nyingine husafiri kwenye mfuko. Mwalimu anaweka kadi za silabi za kukata, mkasi, maelekezo ya mistari mitatu na mfano mmoja uliokamilika. Bila ule mfano utarudishiwa kadi za ukubwa wa kila namna. Tarehe ya kurudisha iandikwe juu ya mfuko kwa maandishi makubwa.

Vitabu vilivyochanika pia huenda nyumbani. Selotepu ya kawaida hugeuka njano, hukauka, na ikibanduka huondoka na maandishi. Paka gundi nyeupe ya karatasi, nyembamba, kando ya mchaniko, lazia juu yake ukanda wa karatasi laini inayopitisha mwanga, weka nailoni pande zote mbili ili kurasa zisigandane, kisha kitabu kilale chini ya uzito hadi kesho yake.

Kwa madawati: skrubu na gundi ya mbao, si misumari. Dawati hutikiswa kila mtoto anapoinuka, msumari hulegea, kichwa chake huchomoza na kuchana sare. Jumamosi moja na watu watano wanaojua kushika bisibisi hufanya mengi, mradi mtu amepita Ijumaa na chaki akiweka alama kwenye viungo vilivyolegea.

Kuna pia msafara wa miguu wa asubuhi, wazo lililoenezwa na David Engwicht wa Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Watoto hutembea pamoja kwenda shule katika njia iliyopangwa, yenye vituo na saa kama basi. Mtu mzima mmoja mbele, mmoja nyuma, na kwa jumla mmoja kwa watoto wanane, au wachache zaidi wakiwa chini ya miaka saba. Wa nyuma ndiye mwenye orodha, kwa sababu wadogo hubaki nyuma. Kituoni msafara husubiri dakika mbili, basi. Ukimsubiri mmoja, waliowahi wote watachelewa. Barabara ivukwe kwa mkupuo, watoto wakiwa wamekusanyika ukingoni, si kwa mstari mrefu ambao mkia wake unabaki katikati ya magari. Na mzazi asijipe kazi ya kusimamisha magari pale sheria haimruhusu, asubiri nafasi.

Penye pesa, hata kidogo, wahesabu wawili na wasaini wawili, hapohapo, mbele ya aliyetoa. Aliyeidhinisha matumizi asiwe ndiye anayetunza fedha. Kuhusu kundi la WhatsApp, moja la waratibu na walio kwenye zamu linatosha, la ujumbe wa zamu tu. Likiingia salamu za asubuhi na vichekesho, mtu atanyamazisha simu na ukumbusho wa zamu utapita bila kuonwa.

Wiki ya nane

Kwa mtoto mmoja, wiki nane za dakika tano ni dakika 40: kipindi kizima cha peke yake. Mwalimu akipanga kadi ya wiki ya kwanza na ya nane kando kando ataona nani kasogea, nani kabaki, na kwa wale waliobaki pale pale ana maandishi ya kuanzia mazungumzo na wazazi wao.

Zamu iishe kweli siku iliyosemwa. Mratibu amuulize kila mmoja nini kilimpotezea muda, mtoto gani anahitaji mtu yuleyule aendelee naye, na kama angependa kupumzika. Anayetaka kupumzika aachiwe bila kusihiwa. Ambaye hakufaa, kwa kuchelewa kila mara au kwa ukali, apewe kazi isiyo ya watoto, na aambiwe sababu na mwalimu mkuu ofisini, si kwa ujumbe wa simu. Shukrani iandikwe kwa jina na itaje kazi aliyoifanya.

Kinachobaki ni bahasha ya makabidhiano, ikae ofisini na si nyumbani kwa mratibu: orodha ya simu, kanuni zilizosainiwa, mfano wa kadi iliyojazwa vizuri, barua ya ombi iliyopata majibu, na ukurasa mmoja wa yaliyoharibika. Mafunzo ya kundi linalofuata yapangwe wiki ya pili ya muhula mpya. Wiki ya kwanza walimu hawana hata nafasi ya kuitikia salamu.